Shangazi, daktari wa ngozi wa watoto nitampata wapi hapa Mombasa?

Kaskazi ikishavuma na joto likapanda, barua za ngozi za watoto huwa haziishi, na mara hii nimeamua nizijibu pamoja maana nyingi zauliza karibu kitu kimoja. Kwa msomaji mgeni, Shangazi ni nesi mstaafu wa kliniki za watoto, si daktari. Ntakuelekeza tu pa kwenda na cha kuuliza, mtoto wako atatibiwa na anayemuona kwa macho.

*Shangazi shikamoo. Nina watoto watatu naishi Bamburi. Kijana wangu wa miaka sita ana mapunye kichwani, yalianza doa moja la duara saa hii yashajaa upande wa nyuma wote na nywele zinakatika. Nshanunua tyubu kwa kemisti, nikapewa nyingine, tena nyingine, kila mara wanambia hii sasa ndio kali, yakauka kidogo halafu yarudi. Mwalimu amemrudisha nyumbani ati ataambukiza wenziwe. Mimi nataka daktari wa ngozi mwenyewe tena wa watoto, sio hawa wa kukisia. Nitampata wapi? – Mama wa Bamburi*

Marahaba mwanangu. Nianze na daktari halafu tuje kwa mapunye, maana mapunye yenyewe utashangaa.

Daktari aliyesomea ngozi za watoto peke yake ni adimu Kenya nzima, hata hao madaktari wa ngozi wa kawaida ni wachache na wengi wao wamejikusanya Nairobi. Ukisema wamngoja huyo bingwa wa ngozi za watoto utangoja sana na kichwa cha mtoto kinaendelea kuliwa. Lakini wako watu wa aina tatu wanaoweza kumuona mtoto wako vizuri tu. Kuna daktari wa ngozi wa kawaida, huyo watoto huwaona kila siku hata kama kibao chake hakijaandikwa watoto. Kuna daktari wa watoto, maana ukikaa kliniki ya watoto asubuhi moja tu utaona ni wangapi wameletwa kwa ajili ya ngozi. Halafu kuna klinikal ofisa aliyerudi shule kusomea ngozi, na huyu watu humdharau bure. Pale Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha ngozi kilichoanza 1992, kimefundisha watu wa aina hii kutoka nchi nyingi za Afrika, na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni ngozi tu mara nyingi atakugundulia ugonjwa haraka kuliko daktari mwenye shahada kubwa anayeona ngozi mara moja moja.

Sasa njia yenyewe. Ukitaka ya serikali, anzia zahanati ama kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukiwa umejisajili SHA (bima ya afya ya serikali, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kujisajili ni *147# kwa simu) matibabu ya hapo chini yanagharamiwa na serikali. Wakishindwa waambie wakuandikie barua ya rufaa, usitoke bila hiyo karatasi, uende nayo Coast General, ile wazee bado waiita Makadara, ndio hospitali kuu ya rufaa ya pwani nzima. Ukifika usipange foleni kwanza, uliza dirishani kliniki ya ngozi ni siku gani na wanaanza kuandikisha saa ngapi, maana kliniki za mabingwa haziwi kila siku na nimeona akina mama wametoka Mtwapa alfajiri na mtoto mgongoni waambiwe rudi wiki ijayo. Ukitaka za kulipia, Aga Khan, Mombasa Hospital, Pandya, Premier kule Nyali, piga simu kabla ya kupanda tuktuk. Uliza kama kuna daktari wa ngozi anayekuja, siku gani, kama anaona watoto wa umri wa wako, na kumuona tu ni pesa ngapi kabla ya dawa na vipimo. Hilo la mwisho usilionee haya, wao wenyewe wamezoea kuulizwa.

Na ukipata jina la daktari kwa jirani ama kwa TikTok, liangalie kwanza. Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha kwa mtandao, waandika jina waona kama ana leseni ya mwaka huu na kama amesajiliwa kuwa bingwa wa nini. Klinikal ofisa wana baraza lao pia. Siku hizi mtu akifungua duka la kupaka watu sura krimu ajiita daktari wa ngozi na anavaa koti jeupe, basi wewe tafuta jina kwa orodha, ukilikosa beba mtoto wako.

Haya, mapunye. Mapunye hayahitaji bingwa mwanangu! Hata klinikal ofisa wa kituo cha afya anayatibu. Sababu tyubu zako zote zimekataa ni kwamba hii ni fangasi na yuko ndani kwenye mzizi wa unywele, krimu yabaki juu ya ngozi haifiki alipo. Choa cha mkononi au tumboni krimu ya fangasi yatosha, kichwani lazima dawa ya kumeza. Inayotumika sana ni griseofulvin, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na humezwa wiki sita mpaka nane. Hapo ndipo wazazi wengi huanguka, maana wiki ya tatu kichwa chaonekana kimepona, dawa zawekwa juu ya kabati, mwezi ujao twaanza upya. Tena hii dawa huingia mwilini vizuri mtoto akiimeza na chakula chenye mafuta, mpe na maziwa, ama asubuhi na mbaazi za nazi, hapo sisi watu wa pwani tumebahatika. Shampoo ya fangasi ya kuoshea kichwa husaidia kupunguza kuambukiza wengine lakini peke yake haiponyi.

Hizo tyubu zako hebu ziangalie nyuma. Nyingi zinazouzwa kama "kali" ni mchanganyiko, dawa ya fangasi na ya bakteria na steroidi zote ndani ya tyubu moja, betamethasone au clobetasol utaona jina lake. Steroidi yaondoa mwasho siku mbili tatu, mama afurahi, huku yazima ulinzi wa ngozi na fangasi yuwapanuka kwa raha zake, na duara lapoteza umbo hata daktari akija kuliona halitambui. Yaani umelipa pesa kumlisha fangasi.

Shule mwalimu amezidisha. Mtoto akishaanza dawa anaweza kurudi darasani, mwambie anayemtibu akuandikie kikaratasi. Ila kofia, kitana, taulo na mto visitumiwe na mwingine, na kinyozi asafishe mashine kwa dawa kabla na baada, hata ikibidi ununue yako uwe waenda nayo. Wakague na hao wawili wengine hapo nyumbani. Na kama mna paka wanaolala na watoto, mwangalie paka naye, fangasi wa aina moja hutoka kwa paka na hasa wale wadogo wa barabarani ambao watoto wetu hawawezi kupita bila kuwabeba.

Kitu kimoja cha kukukimbiza haraka: doa likivimba likawa laini kama lina maji, likatoa usaha na likauma, usikubali mtu alipasue kama jipu. Hayo bado ni mapunye, yamekasirika tu, yataka dawa za kumeza mapema la sivyo pale nywele hazitaota tena.

*Shangazi, salam kutoka Likoni. Nyumbani kwangu sote twajikuna. Ilianza kwa binti yangu wa darasa la pili kwenye vidole, akaja mdogo wake, saa hii mimi na mama yao. Mchana afadhali, usiku hakulaliki. Tulipewa dawa ya kupaka tukampaka binti akapona, wiki mbili tatu imerudi. Jirani asema ni damu chafu tunywe mwarobaini. Au nivuke feri niende kwa daktari wa ngozi? – Baba Wawili*

Baba Wawili, damu yenu haina neno. Kujikuna kunakozidi usiku, zaidi ya mtu mmoja nyumbani, tena kulikoanzia kwenye vidole, mpaka mwingine athibitishe vingine mimi naita upele. Ni kadudu kadogo kasikoonekana kwa macho kanakochimba njia chini ya ngozi kutaga mayai. Kwa watoto wachanga chungulia nyayo, viganja na hata kichwani, kwa wanaume nao sehemu za siri, watu huona haya kusema na hapo ndipo kadudu hujificha.

Mmemtibu mmoja, hilo ndilo kosa la dawa kurudi. Mtu akiambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne mpaka sita kabla hajaanza kuwashwa, kwa hivo siku mliyompaka binti nyinyi wengine mlikuwa nao tayari bila kujua, akaja kulala na mdogo wake akarudishiwa. Dawa ipakwe siku moja, usiku mmoja, watu wote wa nyumba, anayewashwa na asiyewashwa, pamoja na msichana wa kazi na bibi aliyekuja kutembea.

Dawa zenyewe kituo cha afya cha Likoni watawapa, hakuna haja ya kuvuka. Kuna BBE (benzyl benzoate), ile nyeupe yenye harufu, ya watu wazima hupunguzwa makali kwa maji ikitumiwa kwa watoto, waulize vipimo usikisie, maana yachoma. Kuna permethrin, ghali kidogo lakini laini zaidi, yapakwa usiku na kuoshwa asubuhi, halafu yarudiwa baada ya wiki moja kwa sababu ya mayai yaliyobaki. Mtoto wa chini ya miezi miwili ana dawa yake, salfa ya kupaka, huyo apelekwe aonekane. Yapakwe kuanzia shingoni mpaka unyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, makalioni, msiache pahali, na akinawa mikono mpake tena hapo mikononi. Wachanga hupakwa na kichwa pia isipokuwa machoni na mdomoni.

Nguo, mashuka, leso na foronya za siku hizo zioshwe kwa maji moto zianikwe juani. Za kutoosheka tia kwa mfuko wa plastiki funga uache siku kadhaa, hako kadudu nje ya mwili wa mtu hakavuki siku tatu hivi. Magodoro msiyachome moto jamani, kuna mtu ashawahi kuchoma.

Halafu sikiliza hili maana ndilo litakalowarudisha kwa kemisti: baada ya matibabu mazuri kabisa mwasho unaweza kuendelea wiki mbili mpaka nne. Ni ngozi yatulia, sio dawa imekataa, msijipake kila siku mkaanza kujichubua. Mkiona vipele vipya baada ya mwezi ndio muende tena, na hapo daktari wa ngozi ana haki ya nauli yenu. Na madrasa muwaambie, najua ni aibu, lakini watoto waketi jamvi moja na ustadh akiambiwa kwa upole wengi huelewa. Mwarobaini kunywa upele hautibu. Mafuta ya taa na dawa ya kunyunyizia kunguni msithubutu kupaka mtoto.

*Shangazi, mjukuu wangu wa miaka saba alichorwa piko mikono yote miwili Idi, ilikuwa nzuri wallahi. Siku ya nne ikaanza kuwasha, saa hii maua yote yamefura malengelenge, mchoro umesimama kama umechomwa kwa moto. Mamake yuko Saudia, anilaumu mimi kwa simu. Nampaka nini? – Bibi wa Mji wa Kale*

Pole bibi, na hii mimi kila baada ya Idi naiona. Kwanza maji na sabuni laini, malengelenge usiyatumbue, kitambaa safi kilicholowa maji baridi kitampunguzia mwasho, na umpeleke aonekane leo au kesho, huyu ni wa steroidi ya kupaka ya kuandikiwa, na kama kuna usaha au anapata homa basi na dawa ya bakteria. Dawa ya meno, asali, unga wa ngano, hapana. Alama itabaki, pengine nyeupe pengine nyeusi, miezi kadhaa, lakini kwa kawaida hufifia yenyewe, msije mkaanza kuipaka krimu za kung'arisha.

Si hina iliyomchoma. Hina ya majani ni ya kijani yanuka majani, yataka ukae nayo masaa, na yatoa rangi ya machungwa mpaka kahawia. Hiyo piko inayotoka nyeusi tititi kwa nusu saa ni rangi ya kutilia nywele, ndani mna kemikali yaitwa PPD, na ile imetengenezwa ipakwe kwenye nywele si kukaa juu ya ngozi ya mtoto. Na ubaya wake ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha, huyu mjukuu wako akiwa mkubwa akitaka kupaka nywele rangi anaweza kufura uso mpaka macho yakafunga. Kwa hivo andika kwenye kitabu chake cha kliniki kabisa, *ana aleji ya PPD*, mwambie na kila daktari atakayemuona. Mamake naye mwambie Shangazi asema asikulaumu, nusu ya mtaa walichorwa siku ile.

Na kwa kuwa tumetaja hina, hata ile safi watoto wachanga wasipakwe. Kuna watoto huzaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, si haba huku kwetu kwenye malaria, na hina inaweza kuwavunjia damu wakageuka manjano.

*Mwanangu ana miezi minane. Mashavu yake makavu yana vipele vidogo vidogo, sasa imeshuka kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti, ajisugua kwa shuka mpaka atoka damu. Daktari mmoja alimpa hydrocortisone, nikasoma kwa intaneti steroidi zinaharibu ngozi, nikaitupa. Mama mkwe asema niwache kumpa mayai na samaki. Nimezunguka madaktari kila mmoja na lake, nimechoka. – Mama Ma, Mikindani*

Mama Ma, kwa maelezo yako huu ni ukurutu, wengine huita pumu ya ngozi. Ngozi ya mtoto wa hivo haishiki maji, yakauka, yapasuka, kila kitu chaingia na kumwasha. Vitabu vingi vitakwambia tafuta wekundu, sasa kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani, utaona kijivujivu, weusi uliozidi, ama vipele vidogo kama vya kuku aliyenyonyolewa, na pengine ndio maana kila daktari alikwambia lake.

Kazi kubwa ni ya kila siku na si ya daktari. Aoge muda mfupi, maji vuguvugu, sabuni kidogo sana na isiyo na harufu, umtoe umkaushe kwa kumgusagusa, na hapo hapo kabla ngozi haijakauka mpake Vaseline ile ya kawaida isiyotiwa manukato, mwili mzima, asubuhi na jioni hata siku ambazo yuko sawa. Mafuta ya manukato, liwa, poda, udi nguoni, vyote weka kando kwa huyu, najua mtoto wa kiswahili asiponukia watu wasema mamake mvivu. Avae pamba. Na huku kwetu joto na jasho humwasha zaidi, usimfunike mablanketi eti ataingiwa na baridi Mikindani mwezi wa pili, leso moja yamtosha. (Mtoto asiye na ukurutu akifunikwa hivo hutoka harara, vile vipele vya joto vya shingoni na mgongoni, dawa yake ni kumpunguzia nguo, kumuogesha maji ya baridi kidogo na kumuacha apate upepo.)

Hydrocortisone uliyoitupa kwa kawaida ni ya asilimia moja, iko kwenye kundi la steroidi dhaifu kabisa, daktari hakukukosea. Hizo unazosoma zinaharibu ngozi ni zile kali zikipakwa miezi na miezi, hasa usoni na kwa mtoto mchanga, ama zile za mkorogo. Steroidi dhaifu, palipochachamaa tu, siku chache kwa maagizo, halafu unaacha unabaki na Vaseline, hiyo ni salama kuliko kumuacha ajikune mpaka vidonda viingie bakteria. Kipimo: kamua kutoka ncha ya kidole chako cha shahada mpaka kiungo cha kwanza, hiyo yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Akina mama wengi wanaosema haifanyi kazi hupaka kidogo kwa woga.

Mayai na samaki usimnyime kwa kukisia. Wako watoto ambao chakula chawachokoza kweli, lakini wengi hapana, na mtoto wa miezi minane ukimtolea mayai, samaki, maziwa, amebaki na nini, uji? Kama kila akila kitu fulani afura mdomo au atoka vipele vikubwa papo hapo, andika ni nini na saa ngapi, mpelekee daktari.

Bingwa sasa, kwako wewe namkubali, kama umefuata haya sawasawa wiki mbili na hajabadilika, ama halali usiku, ama vidonda vyaingia usaha kila mara. Ukienda beba tyubu zote ulizowahi kutumia hata tupu, na picha za simu za siku ilipokuwa mbaya maana siku ya kliniki ngozi huwa na adabu. Piga picha mchana karibu na dirisha, moja ya karibu na moja ya mbali kuonyesha ni wapi mwilini, usitie filta. Siku hiyo asubuhi usimpake mafuta. Picha hizo hizo zafaa pia kama daktari wa Nairobi akubali kumuangalia kwa simu, ila awe ni yule umemuona kwenye orodha niliyosema kwa Mama wa Bamburi. Na utamjua daktari mzuri kwa jambo moja, atamvua mtoto nguo zote amuangalie mpaka kucha na kichwa, akuulize nyumbani nani mwingine ajikuna, na nani ana pumu au mafua ya vumbi. Anayeandika dawa mtoto akiwa bado amevaa sweta, lipa uondoke utafute mwingine.

Ila haya hayangoji kliniki wala bingwa, ni emajensi usiku huo huo: ukurutu ukigeuka ghafla malengelenge madogo ya sawasawa yanayouma na homa juu yake, ngozi ikichubuka kama ya kuungua baada ya kumeza dawa, na midomo au macho yakatoka vidonda, madoa ya zambarau yasiyopotea ukibonyeza na gilasi, kufura midomo na kupumua kwa shida, ama mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye vipele vya usaha au kitovu kilichovimba.

*Shangazi mabaka meupe usoni kwa mtoto ni minyoo? – Msomaji, Changamwe*

Mara nyingi si minyoo wala si kukosa vitamini. Mabaka yaliyofifia ya mashavuni, yana unga unga kidogo, kwa mtoto wa miaka mitatu mpaka kumi na mbili hivi, ni ngozi kavu tu, jua laifanya ionekane zaidi, mpake Vaseline na uwe na subira ya miezi. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, haihusiani. Doa likiwa jeupe pepe kama karatasi na linapanuka, muone daktari wa ngozi. Na doa lililofifia popote mwilini, mwambie afumbe macho, mguse hapo na uzi wa pamba. Asipousikia, kituo cha afya wiki hii, maana ukoma pwani haujaisha, Kwale na Kilifi bado wagonjwa waonekana, na dawa yake ni ya bure.